Asipoonekana, Nani Atamuulizia? Mwongozo Kamili wa Kumuunganisha na Jamii Mtu Mwenye Kifafa Anayeishi Kwenye Makao ya Uangalizi

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikijaza daftari la zamu kwa maneno yaleyale: "Wakazi wametoka, wameshirikiana na jamii." Ukweli ni kwamba tulikuwa tukiwapakia watu wanane kwenye gari moja, tunawapeleka mahali, wanakaa kwenye benchi saa nzima, tunawahesabu, tunarudi nao. Hakuna mtu wa nje aliyejua jina la hata mmoja wao. Mmoja alipofariki tuliendelea kwenda mahali palepale na watu saba, na hakuna aliyeuliza wa nane yuko wapi.

Tangu wakati huo nina kipimo kimoja tu: mtu huyu asipoonekana, nani huko nje atamuulizia? Mwongozo huu ni kwa wahudumu, wasimamizi wa makao na ndugu, na hatua zake zote zinalenga kupata jibu la swali hilo.

Kutengwa huku kuna historia yake, na ni vizuri kuijua kabla ya kuanza. Mwaka 1867 makao ya watu wenye kifafa yalianzishwa Bethel, karibu na Bielefeld nchini Ujerumani. Mwaka 1894 yakafuata ya Chalfont, Uingereza, na mwaka 1896 Craig Colony ikafunguliwa katika jimbo la New York. Wengi wa waanzilishi walikuwa na huruma ya kweli. Walitaka watu hawa wapate hewa safi, kazi ya mikono na watu wa kuwatunza. Lakini makao yalijengwa mbali na mji, na wengi walioingia walizeekea humo. Huko Marekani, hadi miaka ya 1970, mtu mwenye kifafa angeweza kuzuiwa kisheria kuingia mgahawani au kwenye ukumbi wa maonyesho. Leo ibara ya 19 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, inatambua haki ya kila mtu mwenye ulemavu kuishi ndani ya jamii akiwa na uhuru wa kuchagua kama wengine. Sheria imebadilika haraka kuliko ratiba za makao.

Hatua ya 1: Kijue kifafa chake, si kifafa cha vitabuni

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata uchunguzi na dawa sahihi. Wanaoishi kwenye makao mara nyingi ni wale ambao dawa hazikutosha, au wana ulemavu mwingine pamoja na kifafa. Hata hivyo usikubali haraka kwamba "huyu ndivyo alivyo". Uliza ni lini dawa zake zilipitiwa mara ya mwisho na daktari anayekijua kifafa. Wapo watu wanaomeza mchanganyiko ulioandikwa miaka mingi iliyopita, wanasinzia mchana kutwa, halafu tunaandika kwamba "hapendi kushiriki". Kumbe tunachokiona ni usingizi wa dawa.

Kisha anza daftari lake mwenyewe. Kila kifafa kinapomshika, andika saa, alikuwa anafanya nini, usiku uliopita alilala vipi, dawa alimeza saa ngapi, kilianzaje, kilichukua dakika ngapi, na alichukua muda gani kurejea sawasawa. Usiandike "ameanguka" ukaishia hapo, kwa sababu si kila kifafa humwangusha mtu. Kuna anayekodoa macho sekunde chache, kuna anayetafuna midomo na kuchezea vifungo vya shati bila kujitambua, kuna anayetembea huku hakusikii. Na kuna anayedondoka ghafla kama gunia, bila dalili yoyote. Hawa wote hawahitaji mpango mmoja.

Nilimhudumia mzee mmoja ambaye jalada lake lilisema "huanguka wakati wowote". Neno hilo "wakati wowote" lilikuwa limemfungia ndani kwa miaka. Tuliandika kwa wiki kumi. Alipata kifafa mara kumi na moja, na mara tisa kati ya hizo ilikuwa ndani ya saa moja baada ya kuamka, au asubuhi iliyofuata usiku aliokosa usingizi. Mchana wote ulikuwa wake, na hakuna aliyewahi kumpa.

Angalia pia vichochezi vinavyojulikana: kuruka dozi, kukosa usingizi, homa, pombe, msongo wa mawazo, na kwa baadhi ya wanawake, siku za hedhi. Taa zinazomwekamweka huwaathiri takriban watu 3 tu katika kila 100 wenye kifafa. Kwa hiyo kuwanyima wakazi wote sinema na muziki "kwa sababu ya taa" ni adhabu isiyo na sababu.

Hatua ya 2: Muulize, kisha subiri jibu

Mtu aliyeishi muda mrefu kwenye makao hujifunza kwamba jibu salama ni "sawa tu". Mama mmoja alinijibu hivyo kwa karibu miezi miwili. Matembezi? Sawa tu. Muziki? Sawa tu. Siku moja tulipita mbele ya dirisha la fundi cherehani, akasimama. Mkono ukapanda hadi kwenye pindo la blauzi yake, akaanza kulikunja na kulikunjua kwa vidole viwili, kama anayekagua mshono. Tulisimama pale mpaka mwenye duka akainua macho. Baadaye ndugu yake aliniambia kwamba mama huyo alikuwa mshonaji kabla ya kuletwa kwetu. Jalada lake lilikuwa na uzito, orodha ya dawa na tarehe za vifafa. Kuhusu kushona, hata mstari mmoja haukuwepo.

Kwa hiyo usiulize tu, "Unapenda kufanya nini?" Tembea naye na uangalie anasimama wapi. Waulize ndugu alikuwa nani kabla. Kama hazungumzi, tumia picha, au mpeleke mahali mara mbili tatu na usome uso wake. Chagua saa ambayo hajatoka kumeza dawa inayomlaza, wala siku aliyopata kifafa, maana baada ya kifafa akili huchukua muda kutulia na mtu anaweza kukubali au kukataa chochote. Akisema hapana, hiyo hapana iheshimu, ila urudi kumuuliza siku nyingine.

Hatua ya 3: Tafuta mahali padogo, na umpe jembe

Achana na safari za gari zima. Mtu mmoja, mahali pamoja, siku ileile, saa ileile, kila wiki. Watu hufahamiana kwa kurudiarudia. Maktaba yenye wahudumu wawili ni bora kuliko tamasha la watu elfu. Kwaya, karakana, bustani ya mtaa, timu inayohitaji mtu wa kutunza jezi, ibada kama ni muumini: popote ambapo watu walewale hukutana tena na tena.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na hapa ndipo makao mengi hukwama. Tunamkalisha mtu pembeni atazame wengine, tunaita hiyo ushirikishwaji. Mtu anayetazama tu, akikosekana hakuna kinachopungua. Tafuta kazi halisi, hata ndogo, ambayo asipokuja itabaki haijafanywa. Yule mama tulimwombea kushona vifungo na kukunja mapindo kwa mkono, kila Jumatano alasiri, kwa muda wa saa mbili. Fundi alikubali wiki mbili za majaribio. Na kama kazi ni ya kulipwa kwa wengine, ilipwe na kwake. Majaribio yasigeuke kuwa kazi ya bure ya miaka.

Hatua ya 4: Andika hatari, na uandike pia hasara ya kubaki

Fomu nyingi za hatari zina safu ya "nini kinaweza kutokea" na safu ya "tutazuiaje". Ongeza ya tatu: "asipokwenda, anapoteza nini?" Bila safu hiyo, jibu litakuwa "abaki" kila mara, kwa sababu kubaki huonekana hakuna gharama.

Kaa naye mjaze pamoja, jambo kwa jambo. Kwa yule mama tuliandika hivi: pasi ya moto, hapana; mkasi, wenye ncha butu; cherehani ya umeme, hapana kwa sasa, ila ile ya kuzungusha kwa mkono inawezekana baadaye; kiti, chenye mikono na mgongo, mbali na ngazi; kufika na kurudi, kwa miguu akiwa na mhudumu, upande wa ndani wa njia. Mambo matano, nusu ukurasa. Safu ya tatu aliijaza mwenyewe kwa maneno yake, nami nikaandika: "Nitasahau mikono yangu."

Maji ndiyo ya kuangaliwa kwa makini kuliko yote, kwa sababu kuzama ni miongoni mwa hatari kubwa za kifafa. Bafu la manyunyu ni salama kuliko beseni la kulala ndani, na mlango usifungwe kwa komeo. Kibao cha "kuna mtu" kinatosha kulinda staha. Kuogelea kunawezekana kwa wengi, lakini awepo mtu majini anayejua kifafa chake na mwenye nguvu za kumwinua, na mwokoaji aambiwe. Bahari, ziwa na mto ni jambo jingine kabisa kwa mtu ambaye kifafa chake bado hakijatulia.

Kofia ngumu ya kinga inawafaa wale wanaodondoka ghafla na kuumia kichwa. Usiwavalishe wengine kwa wasiwasi wako. Kofia hiyo huonekana kabla ya uso wa mtu, kwa hiyo anayeivaa awe na sauti juu ya lini na wapi.

Hatua ya 5: Waambie watu, kwa ridhaa yake

Habari ya kifafa chake ni mali yake. Muulize nani aambiwe, aambiwe nini, na anataka kusema mwenyewe au umsaidie. Wengine huamua mtu mmoja tu ajue, na inatosha ikiwa mtu huyo huwepo kila mara. Mweleze pia ukweli wa upande wa pili: asiyejua akiona kifafa kwa mara ya kwanza anaweza kukimbia, au kufanya jambo la kumdhuru.

Mkishakubaliana, usiende na hotuba. Dakika kumi zinatosha, yeye akiwepo kama anataka. Anza kwa kusema kifafa hakiambukizi. Si kwa povu, si kwa mate, si kwa kumgusa mtu. Kisha eleza kifafa chake kinavyoonekana, na waonyeshe kwa vitendo la kufanya:

- Tazama saa papo hapo kinapoanza.
- Ondoa vitu vigumu na vyenye ncha karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza kinachobana shingoni.
- Usimshike kwa nguvu kuzuia mitetemo.
- Usitie chochote mdomoni: si kijiko, si kitambaa, si kidole. Mtu hawezi kuumeza ulimi wake, ila anaweza kuvunjika meno au kupaliwa.
- Mitetemo ikikoma, mlaze ubavu ili mate yatoke na apumue vizuri.
- Kaa naye. Usimpe maji, chakula wala vidonge mpaka awe macho kabisa.
- Kama ni kifafa cha kutembeatembea bila kujitambua, usimkamate. Mwongoze taratibu aepuke barabara na ngazi.
- Omba msaada wa dharura kikipita dakika 5, kikifuatwa na kingine kabla hajarejewa na fahamu, akiumia, akiwa majini, akishindwa kupumua vizuri, au akiwa mjamzito.

Fundi wetu aliuliza swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: "Na akijikojolea?" Ni swali zuri. Mfunike kwa kanga au koti, watawanye watazamaji, na akiamka usilitaje mbele za watu. Nguo za kubadili ziwe kwenye mfuko wake siku zote.

Hatua ya 6: Mfuko

Uwe mdogo na wa kawaida, aubebe mwenyewe. Ndani kuwe na nguo za kubadili, dozi ya saa hiyo kama itaangukia akiwa nje, kadi yenye jina, aina ya kifafa, dawa na namba ya makao, na dawa ya dharura kama daktari amemwandikia. Dawa za dharura ziko za aina kadhaa, na kwa mahali penye watu ile ya kuweka kati ya shavu na fizi, au ya puani, humtunzia mtu heshima kuliko ile ya njia ya haja kubwa. Mwulize daktari kama inawezekana kubadilisha. Mpango wake uandikwe wazi: itolewe dakika ya ngapi, kiasi gani, na nani aliyefundishwa kuitoa. Na usibadilishe saa za dawa ili zipishane na ratiba ya kutoka bila kumuuliza daktari.

Hatua ya 7: Siku kitakapomshika huko nje

Siku hiyo inaweza kufika, na ndiyo itakayoamua kama kazi yako yote inasimama au inaanguka.

Yule mama ilimkuta wiki ya sita. Aliangusha sindano, akageuza kichwa kushoto, kisha mwili wote ukakakamaa. Mwanafunzi wa fundi alirudi nyuma mpaka ukutani. Fundi mwenyewe alitazama saa ya ukutani, akavuta bunda la vitambaa akaliweka chini ya kichwa, akaokota sindano sakafuni. Dakika mbili na nusu. Mimi nilikuwa pale, na kilichonigharimu zaidi ni kutosogea, kwa sababu niliona anafanya sawasawa na nilijua kwamba nikiingilia, wiki ijayo atanisubiri mimi.

Makao yetu yalitaka kusimamisha ziara "hadi tathmini ifanyike". Tathmini za namna hiyo huchukua miezi. Kwa hiyo kubalianeni mapema, kwa maandishi, jambo hili: kifafa chake cha kawaida, kilichoisha kama kawaida, hakisimamishi chochote. Akipumzika vizuri, arudi siku yake inayofuata. Kinachosimamisha ni jambo jipya: kifafa cha aina tofauti, kirefu kuliko kawaida, kinachokuja mara nyingi kuliko zamani, au jeraha. Hapo daktari ahusishwe, na tarehe ya kuamua iandikwe siku hiyohiyo.

Na kabla hajarudi, nenda ukawasikilize waliokuwepo. Yule mwanafunzi alikuwa ameshindwa kulala. Alikuwa ameamini kwamba anamtazama mtu akifa. Robo saa ya kukaa naye na kujibu maswali ilimsaidia kuliko karatasi zote za maelezo tulizokuwa tumeacha dukani. Jumatano iliyofuata ndiye aliyemtengea mama kiti.

Hatua ya 8: Jiondoe pole pole

Mhudumu anayekaa katikati humjibia mtu maswali yake, na wengine huzoea kuzungumza na mhudumu. Mwezi wa kwanza kaa karibu. Wa pili, sogea mlangoni. Kisha kaa nje ukiwa na simu, kisha mlete na urudi kumchukua, ikiwa mpango wa hatari unaruhusu na waliopo wameshajua la kufanya. Kwa wengine hatua ya mwisho haitafika, na si aibu. Lakini hata ukiwa chumbani, unaweza kukaa kimya.

Miezi mitatu baadaye mama alipata homa, tukambakiza nyumbani, na katika pilikapilika hakuna aliyekumbuka kutoa taarifa. Saa kumi alasiri simu ya makao ililia. "Mbona hajaja? Nimemwekea vifungo."

Mambo mawili yanayoua mipango mizuri

La kwanza ni zamu. Kama wahudumu hubadilishana saa nane mchana, hakuna mkazi atakayekuwa nje saa nane, hata dunia ipinduke. Msimamizi apange zamu kufuata maisha ya wakazi, na majina ya wanaosindikiza yawe mawili au matatu, ili mmoja akiugua safari isife.

La pili ni hofu ya ndugu, na hii ijibiwe kwa ukweli, kwa upole. Wengi wamemwona mpendwa wao akianguka motoni au barabarani. Wanaogopa kifo, na hawajakosea: takriban mtu mzima 1 kati ya 1,000 wenye kifafa hufariki ghafla kila mwaka kwa namna inayohusiana na kifafa chenyewe. Lakini waeleze hatari hiyo iko wapi hasa. Humkabili zaidi mtu ambaye vifafa vyake vya mwili mzima havijadhibitiwa, na mara nyingi hutokea usiku, kitandani, akiwa peke yake. Kumnyima alasiri ya Jumatano hakumkingi na hilo. Kinachosaidia ni dozi zisizorukwa, dawa zinazopitiwa na daktari, na mtu wa kumwangalia usiku. Nimeona baba mmoja akibadilika kabisa baada ya mazungumzo hayo. Aliacha kudai mlango ufungwe mchana, akaanza kudai mhudumu wa pili wa usiku. Alikuwa sahihi, na tulimuunga mkono.

Jinsi ya kujua kama inafanya kazi

Usihesabu safari. Mwisho wa kila mwezi chukua karatasi, na kwa kila mkazi andika majina ya watu wasio ndugu na wasiolipwa kumtunza, wanaolijua jina lake, ambao wamemuulizia, wamemtembelea au wamempigia simu mwezi huo. Safu ikiwa tupu miezi mitatu mfululizo, rudi hatua ya pili, kwa sababu yawezekana mahali mlipochagua ni pako, si pake.

Safu ya yule mama ilikuwa tupu mwezi wa kwanza na wa pili. Mwezi wa tano ilikuwa na majina matatu: fundi, mwanafunzi wake, na mteja mmoja aliyekuwa amerudi na blauzi mkononi, akitaka vifungo vyake vishonwe na yule mama wa Jumatano.